Kichwa cha Mama

Humatak, Guam
4 Machi 2019

Semo,

Usipige tena simu nyumbani. Usinune, nisikilize kwanza.

Jumapili ulipopiga, Mama alisikia sauti yako. Akaniangalia, akaiangalia simu, akauliza, "Semo yuko wapi?" Nikamwambia yuko Brisbane, Mama, anaongea kutoka huko. Akasema, "Muongo wewe. Yuko nje na umemfungia mlango." Ulipokata tu, nikaenda jikoni kuzima jiko. Kurudi, hayupo. Nilimkuta darajani, pekupeku, anakuita kwa jina lako lote la ubatizo, magari yanampigia honi. Nilipomshika mkono aliniambia niache kumsumbua, anamsubiri mwanawe ashuke basi la shule.

Kwa hiyo tuandikiane. Barua haina sauti.

Mama hayuko sawa, Semo, na si usahaulifu wa uzee. Ananiita jina la shangazi yake aliyekufa. Halali. Anatia chumvi kwenye wali mwekundu, anasahau, anatia tena, mpaka hata mbwa anaugusa na kuuacha. Na amekuwa mkali. Ananirushia vikombe. Nikimpa kahawa, ghafla kikombe kiko ukutani. Sasa tumebaki na vya plastiki.

Kijiji kizima kimeshaupa ugonjwa jina. Hawalitamki mbele yangu, lakini nalisikia nikiwapa kisogo: bodig, ule ule wa kutetemeka na kupotewa akili uliomchukua Baba na kaka zake. Kanisani wananiambia "pole, Fina," huku macho yao yako kwenye mikono yangu, wanatazama kama imeanza kutetemeka na mimi.

Wewe ndiye unayefanya kazi na bongo za watu. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Delfina

* * *

Brisbane
19 Machi 2019

Dada Fina,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Pole sana. Pole kwa daraja, pole kwa vikombe. Ukali huo si yeye, ni ugonjwa. Usiuchukulie moyoni.

Usijilaumu kwamba hukuuona mapema. Magonjwa ya namna hii huanza kimyakimya, miaka mingi kabla ya mtu wa nyumbani kushtuka. Bila shaka dalili zilikuwepo muda mrefu, ila ukimwona mtu kila siku huoni anavyobadilika.

Uliwahi kuniuliza nafanya nini huku, nikakujibu "maabara," ukacheka. Sasa nikueleze, maana linatuhusu. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna maagizo ya asili, yamefungiwa, hayatoki. Kinachotoka kufanya kazi ni nakala zake, ndizo tunazoziita RNA. Chembe huzipitia nakala hizo na kubadili herufi moja hapa, moja pale. Mabadiliko hayo ni kama kitambulisho: yanawaambia walinzi wa mwili kwamba hii ni ya nyumbani, iacheni ipite. Virusi navyo huja na RNA yao, ila haina kitambulisho hicho, na ndivyo vinavyonaswa.

Katika bongo tunazopokea hapa, za watu waliokufa wamepoteza akili, tunakuta nakala nyingi ambazo hazikubadilishwa kama kawaida. Tunashuku kwamba walinzi wanazidhani ni za virusi. Wanapiga king'ora, wanawasha moto kumfukuza adui, na adui hayupo. Wanaiunguza nyumba yao wenyewe. Hatujui bado kama hilo ndilo linaloleta ugonjwa au linakuja baadaye kuuzidisha. Na kama bodig ya kwetu inapita njia hiyo, hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyetazama. Wagonjwa wenyewe wamebaki wachache.

Ndiyo maana nataka kukuomba jambo, na ulifikirie taratibu. Mama atoe damu kidogo sasa. Na siku Mungu atakapomchukua, tukikubali ubongo wake uje huku, kwangu, kwa mikono ya mwanawe, huenda wa kwetu wanaokuja wakapona. Sikuharakishi.

Mdogo wako,
Anselmo

* * *

Humatak
2 Aprili 2019

Anselmo,

Nimekaa siku kadhaa kabla ya kukujibu ili nisikutukane. Naona hazikutosha.

Mimi nalala chumba kimoja na Mama. Namchana nywele. Nikae naye hivyo nisione? Mwezi wa kumi na moja mama huyu alikuwa anashika kadi zake za bingo na za Pilar jirani kwa pamoja, anamwambia Pilar, "Amka, umeshinda." Krismasi alipika kwa ajili ya ukoo mzima na kumkumbusha padri sikukuu ya mtakatifu aliyemsahau. Hata Januari alikuwa mzima. Wewe mwenyewe uliongea naye ulipopiga Mwaka Mpya, akakusema kwa kutooa. Hiyo ndiyo miaka yako mingi ya kimyakimya? Hujakanyaga hapa tangu kuzikwa kwa Baba Mdogo, halafu unaniambia mimi sikuona.

Na habari ya ubongo. Umesahau, ulikuwa mdogo. Alipokufa Baba walikuja watu wenye makoti meupe na maneno matamu kama yako. Kwa ajili ya watoto wenu, walisema. Mama alikubali. Tukamzika Baba kichwa chake kimeshonwa, na rozari za siku tisa zilipokwisha hakuna hata mmoja wao aliyerudi kutuambia waliona nini. Mpaka leo Mama akipita kaburini huwa anasema, "Mzee, wamekusomaje?" Sasa na wewe umevaa koti lao.

Wewe unamngoja afe. Mimi namlisha.

Unaniambia nisichukulie moyoni. Njoo uchukue wewe. Ungeona anavyonirushia hivyo vikombe! Si kwa hasira kama ya mtu mwenye hasira. Amekaa ametulia, mara mkono wa kushoto huo unaruka, na papo hapo ananikunjia mdomo, upande huo huo wa kushoto, kama ananidharau. Kufumba na kufumbua, halafu uso umetulia, ananiuliza nani kamwaga kahawa. Siku nzima, Semo. Ananikunjia hata nikiwa sijampa kitu. Hata akisali. Nimekaa nikijiuliza nimemkosea nini mama yangu hata anifanyie uso huo.

Usiniandikie mpaka uwe na la kusema kama mtoto wake.

Delfina

* * *

Brisbane
5 Aprili 2019

Dada Fina,

Sijapata jibu lako, nadhani liko njiani. Posta yetu nayo, heri barua angezibeba kobe. Nakuandikia haraka ili usishtuke: nimeongea na nesi mmoja wa huko, Bi Taitano, anayesaidia mradi wetu. Atapita nyumbani wiki ijayo achukue damu ya Mama, na akimkuta ana nafuu atazungumza naye kidogo kuhusu lile lingine, wakati bado anaweza kusema ndiyo mwenyewe. Ni mtu mpole. Mpe kahawa.

Wako,
Semo

* * *

Brisbane
17 Aprili 2019

Fina, Dada yangu,

Yaweke yote kando, matusi utanimalizia baadaye. Barua yako ya tarehe mbili imefika leo asubuhi. Nimepiga simu mara ile ile. Umesikia sauti yangu ukakata. Nimepiga tena, imezimwa. Nimempigia Bi Taitano. Anasema alikuja kwenu ukamfungia mlango na kumwambia akazikwe yeye kwanza. Nimemwomba arudi hivi sasa, na asiondoke barazani hata ukimmwagia maji. Barua hii naileta kwa ndege ya haraka. Ina ukurasa wa pili, wa Kiingereza, huo mpe daktari mkononi.

Mama hakurushii vikombe. Wala hakudharau.

Mkono na uso, upande mmoja, wakati mmoja, kufumba na kufumbua, mara nyingi kwa siku: hicho ni kifafa kidogo. Nimepanda ghorofa ya juu na barua yako, nikamtafsiria Dokta Halloran, daktari wa mishipa ya fahamu. Nilipofika kwenye mdomo alinishika mkono, "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza, "Na akili imepotea kwa muda gani?" Nikasema tangu mwisho wa Januari. Akaniangalia. "Anselmo, wewe kweli umesoma? Ugonjwa unaouchunguza unakuja kwa majuma?"

Hauji kwa majuma. Bodig haiji hivyo. Uliniambia na sikukusikia.

Kuna ugonjwa mwingine ambamo kinga ya mwili yenyewe inaushambulia ubongo. Si ule moto wa taratibu nilioutaja, ambao hatujui kuuzima. Huu una kasi, na walinzi wenyewe wanaweza kutulizwa kwa dawa, ila kila siku inayopita wanaharibu kisichorudi. Huenda nimekosea. Huenda sivyo. Mpeleke hospitali leo. Wakikuambia "tunaujua ugonjwa wa Humatak," usitoke. Waambie wapime chumvi ya damu, wapige picha ya ubongo, wachukue maji ya uti wa mgongo.

Mpeleke, Fina. Tafadhali.

Semo

* * *

Tamuning, hospitalini
29 Aprili 2019

Semo,

Nakuandikia juu ya trei ya chakula, Mama amelala kwa sindano.

Yule nesi wako ana kichwa kigumu kuliko cha kwetu. Nilimkuta barazani amekaa kama kigogo. Nikamwambia, "Umerudia kichwa?" Akasema, "Nimerudia mkono wa kushoto. Nionyeshe." Nikamwonyesha Mama. Hakungoja sana. Mkono ukaruka, mdomo ukavutwa. Bi Taitano akasimama akasema, "Vaa viatu, mwanangu, twende," na gari lake ndilo lililotuleta.

Daktari wa zamu, kijana, aliuliza tu, "Mnatoka wapi?" Nikasema Humatak. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Na baba yenu alikufa kwa ugonjwa gani?" Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. "Dada yangu, sitaki kukupa matumaini ya bure."

Nikasema, "Sitaki matumaini. Nataka upime chumvi."

"Chumvi?"

"Ya damu. Halafu picha. Halafu maji ya mgongo."

"Nani kakuambia?"

"Mdogo wangu. Anafanya kazi na bongo." Ukurasa wako ulikuwa haujafika, kwa hiyo nilisema yote uliyomwambia nesi, nimeyakariri kama katekisimu. Yule kijana alitaka kuinuka. Mama akamsaidia: mkono ukaruka, gilasi ya maji ikammwagikia mapajani. Akaketi tena. Akauliza taratibu, "Hii inatokea mara nyingi?"

Chumvi ya damu imeshuka sana. Picha imeonyesha weupe mahali pa kumbukumbu, pande zote mbili. Maji wameyapeleka nje ya kisiwa, majibu yatachelewa, lakini dawa wameshaanza, zile za kutuliza kinga. Uso wake umevimba kwa dawa hizo. Hajabadilika, Semo. Ananiita shangazi. Jana alidhani namwibia rozari.

Barua yako ya tarehe tano na hiyo ya tarehe kumi na saba Pilar ameniletea pamoja leo. Moja inasema mpe nesi kahawa achukue damu, nyingine inasema mpeleke Mama haraka. Nimeziweka kitandani moja huku, moja kule, nikaziangalia. Sijui nimjibu nani kati yenu.

Bado nina hasira. Ila miezi yote hii nimekuwa namnunia Mama kwa ajili ya huo mdomo. Nilikuwa namwogesha bila kuongea naye.

Fina

* * *

Brisbane
12 Mei 2019

Dada Fina,

Majibu ya maji yamefika hadi kwa Dokta Halloran. Ndio huo ugonjwa. Daktari wenu atakuwa amekwambia. Nilikaa ngazini muda, watu wananipita.

Mjibu yule wa pili. Wa kwanza alikuwa anasoma barua zako akitafuta kile anachokitazama kila siku. Jina la ukoo wetu, kijiji chetu, nikaona jibu kabla ya kuuliza swali.

Sitakudanganya kuhusu yanayokuja. Wengine hurudi karibu wote, wengine nusu. Vifafa huwa vinaondoka kwanza, akili inafuata polepole. Miezi ile ya ugonjwa huenda asiikumbuke kamwe. Na ugonjwa unaweza kurudi. Si lazima, lakini unaweza.

Jana nililetewa sampuli mpya niihesabie RNA. Bibi wa umri wa Mama, jina limefutwa, imebaki namba. Kawaida naikata nyembamba na kuendelea. Safari hii nilijikuta nauliza kwa sauti, "Nani alikuwa anakupa kahawa?" Mwenzangu wa meza ya pili akadhani namsemesha, akaniletea chai.

Sikai. Natembea kutoka dirishani hadi kwenye posta. Niandikie hata neno moja.

Semo

* * *

Humatak
3 Juni 2019

Semo,

Tuko nyumbani.

Mkono umeacha kuruka. Nilikuwa nausubiri, nakaa naye nimeutumbulia macho, siku ikapita, na nyingine. Kisha Alhamisi nilikuwa namvika blauzi, kichwa kiko ndani, mara nasikia humo kwenye kitambaa, "Fina, mbona umekonda hivi?"

Fina. Si shangazi.

Nilimvua blauzi nimwone uso. Akaniambia, "Nini sasa, unanivisha au unanivua?" Nilicheka, nikalia, akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa.

Si yote yamerudi. Anauliza jambo moja mara tatu. Anaanza hadithi ya ndugu zake anaiacha katikati, anapiga meza kwa hasira kwa sababu anajua imemtoka. Bingo bado haiwezi. Amejaribu, namba zinampita, akazikunja kadi akasema kumezidi makelele. Lakini ni yeye.

Sasa nisikilize, na hili usilivunje. Hakumbuki kitu tangu Krismasi. Usimwambie alivyokuwa. Usimwambie daraja, wala vikombe, wala mambo mengine ambayo hata wewe sijakuandikia. Na usimwambie ugonjwa unaweza kurudi. Ameniuliza, ugonjwa umekwisha kabisa? Nimesema kabisa, Mama. Ukiniangusha kwa hilo sitakusamehe.

Nesi Taitano anapita kila wiki. Sasa nampa kahawa.

Fina

* * *

Humatak
20 Juni 2019

Anselmo mwanangu,

Mistari inapanda na kushuka, vumilia. Nikisahau neno nitaruka.

Fina ameenda Hagatña kuchukua dawa zangu, ndiyo nikapata nafasi. Amenilinda kama yai. Hata kisu cha kukatia ndimu ananifichia.

Mkono wake wa kulia, juu ya kiwiko, una alama. Nilimuuliza, akasema mbwa. Mbwa wetu hana meno tangu kile kimbunga, hata mfupa anaulamba tu. Alipokuja nesi nikamwambia, "Bi Taitano, mimi nilifanya nini?" Akasema niwaulize wanangu. Nikamwambia wanangu wameshakubaliana kunidanganya, nawajua tangu walipokuwa wakiiba maandazi. Akakaa, akaniambia. Alinieleza yote aliyoyajua. Daraja, vikombe, na kwamba nilimuuma mwanangu aliponizuia mlangoni, mpaka damu ikatoka. Akaniambia pia kwamba huu ugonjwa unaweza kurudi, na nikiona mkono umeruka nisingoje mtu.

Nililia, sikufichi. Siku nzima sikutaka kula. Kisha Fina alipokuwa anapika nilimwendea nikamshika ule mkono, nikaubusu pale pale penye alama. Akakaza macho kwenye sufuria. Akasema, "Nani kakwambia?" Nikasema, "Mbwa." Tulicheka mpaka wali ukaungua. Hatukulizungumza zaidi, na naona inatosha.

Sasa wewe.

Nesi ameniambia uliomba kichwa changu nikifa. Sikukasirika sana. Baba yenu mimi ndiye niliyemtoa, tena ningemtoa leo, maana niliwaogopea ninyi. Lakini wewe ulikiomba kwa dada yako, nami nipo ndani ya nyumba. Hata kama sikuwa mzima, nilikuwepo.

Damu nimempa nesi, chupa kaweka kwenye barafu, itakufikia. Angalia hao walinzi wako wanasemaje. Kichwa, hapana. Sisemi hapana ya milele. Kwanza kimerudi juzi tu, bado nakijaribu. Leo asubuhi nimekumbuka majina ya dada zangu wote, nikafurahi, halafu nikapoteza jina la yule padri na bado nalitafuta. Hiki kichwa kina kazi, Anselmo. Sijamaliza nacho.

Kama una hamu ya kukijua, njoo ukione kikiwa kinaongea. Usinitumie nesi, usiniandikie. Kaa mezani kwangu, ule, uniulize kwa mdomo wako mwenyewe. Labda nitasema ndiyo. Labda nitakupiga kwa mwiko.

Ila usisubiri likizo ndefu, wala utafiti uishe. Njoo sasa, wakati bado nakujua.

Mama yako,
Ursula